Mwaka wa Gari la Viti Viwili

Tulipomaliza kumzika Mbinya kule Kathonzweni, akina mama wa kanisa walituingiza katika nyumba aliyojijengea baada ya kustaafu, wakatugawia chai ya maziwa na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa uliochanganywa na mbaazi. Chumba kilikuwa kidogo na watu wengi, nami nikapewa kiti cha karibu na dirisha, kwa heshima ya magoti yangu. Binti yake Ndanu, ambaye sasa ana mvi na watoto wanaomzidi urefu, alikuja akachuchumaa kando yangu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, lakini mdomoni alikuwa na tabasamu la mtu anayetaka shahidi.

"Auntie, hawa watoto wangu hawaniamini. Waambie wewe. Si mama alikuwa anakuja kuniona na gari haina paa?"

"Paa lilikuwepo," nikasema. "La turubai. Lilikuwa tu limechanika."

Wale vijana walicheka, na mzee mmoja wa kanisa akageuka kututazama, akaona ni mimi, akarudi kwenye chai yake. Sikueleza zaidi siku hiyo. Watu walikuwa wakinawa mikono, na kisa chenyewe hakisemeki kwa sentensi mbili. Lakini njia nzima ya kurudi Kitui sikuwaza kitu kingine ila mwaka wa themanini na moja, nilipokuwa mwalimu kijana wa fizikia, mwenye gari kuukuu ambalo hakuna aliyelielewa, na rafiki aliyekuwa akipokonywa mtoto wake polepole, kwa upole kabisa, bila mtu yeyote kupaza sauti.

Tuliishi pamoja, Mbinya na mimi, katika nyumba ya walimu ya shule ya wasichana iliyoko nje kidogo ya mji wa Kitui. Yeye alifundisha historia na Biblia. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule yenye meza moja, na jiko la makaa tulilolitoa nje na kulirudisha ndani kulingana na upepo. Kama ungetuingilia ghafla mwaka ule ungekuta meza imegawanywa katikati: upande wake madaftari na Biblia na sahani za chakula, upande wangu kabureta mbili zimefunguliwa juu ya gazeti, vikombe vya chai vyenye skrubu badala ya chai, na mswaki wa zamani ninaosugulia masizi. Petroli na vitunguu vilinukia pamoja. Mbinya alikuwa mwanamke mpole sana, anayesali kabla hata ya kunywa uji, na kitu pekee alichowahi kunikataza ni kuosha plagi katika sufuria ya maziwa.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la viti viwili, jekundu hapo zamani. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye barabara laini na muda wa kuchezea. Magurudumu yake yalikuwa na spoku kama ya baiskeli, na lilikuwa chini kiasi kwamba ukiketi ndani ulitazamana na mbuzi jicho kwa jicho. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa akirudi kwao Uingereza ndiye aliyeniachia. Walimu wenzangu wanaume walikuwa wamelizunguka wiki nzima wakisema lingefaa kuwa banda la kuku. Mimi nilimuuliza kwa nini lina kabureta mbili wakati kabureta moja ingetosha. Alinitazama, akavua koti, akafungua boneti, na tukasimama pale mpaka kengele ya chakula cha jioni ikalia. Alipoondoka, ufunguo ulikuwa kwangu. Nikiulizwa hata leo kwa nini nililitaka, sina jibu kubwa. Nilikuwa nimesoma injini kwa chati iliyotundikwa ukutani, mishale ya bluu ikiingia, mishale myekundu ikitoka. Nilitaka kuona mishale ile ikiwa kitu halisi.

Basi nikaanza kulala uvunguni mwa gari kila Jumapili baada ya kanisa, nikiwa nimevaa ovaroli ya karakana ya shule. Nilijifunza kurekebisha mwanya wa platini, vile vibati viwili vinavyokata na kuunga umeme, kwa kipande cha karatasi ngumu. Nilijifunza kusikiliza kabureta moja baada ya nyingine kwa mpira wa maji niliouweka sikioni, mpaka zote mbili zikavuta kwa sauti moja. Spea nilizitafuta dukani kwa Bi Zuhura, karibu na msikiti wa Kitui, mama wa asili ya pwani aliyeachiwa duka na mumewe akaliendesha vizuri kuliko mumewe. Hakuwa na spea za gari langu, hakuna aliyekuwa nazo, lakini alikuwa na subira. Alinitolea kasha baada ya kasha la vitu vya malori na matrekta, tukalinganisha mpaka kitu kikafanana. "Hii si yake, mwanangu," angesema, akikigeuza kitu mwangani, "lakini na yeye si wa hapa. Watazoeana." Wanaume waliokuwa wakisubiri misumari na mabati walikuwa wakizungumza nyuma yangu kana kwamba chuma kimenifanya kiziwi. "Huyo mwalimu ataolewa na nani?" mmoja aliuliza siku moja. Bi Zuhura alimjibu bila kuinua kichwa, "Wewe umekuja kununua misumari au kuposa?"

Sasa nieleze habari ya Mbinya. Alikuwa mjane. Mumewe alifariki kwa homa wakati yeye akiwa bado chuo cha ualimu, na mtoto wao Ndanu, aliyekuwa mchanga, alichukuliwa na nyanya yake mzaa baba huko Kathonzweni. Sote tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Hakumchukua mtoto kwa ubaya. Alikuwa amempoteza kijana wake, na mtoto yule ndiye aliyebaki na sura yake. Walikubaliana kwamba Mbinya akimaliza masomo na kupata kazi, atakuja kumchukua. Alimaliza, akapata kazi, lakini kila alipokwenda Susu alisema ngoja kidogo, mtoto ana kikohozi, ngoja mvua zipite, ngoja tuvune. Naye Ndanu alikuwa akikua. Akawa anamwita nyanya yake "mwaitu", yaani mama yangu, na huyu mwanamke mwembamba aliyeletwa na basi mara moja kwa muhula akamwita "mwalimu", kwa sababu ndivyo alivyosikia watu wakimwita.

Kwa basi, safari ile ilikuwa mateso. Ulibadilisha Machakos, ukabadilisha tena Wote, na ukifika ilikuwa wakati wa kumlaza mtoto. Asubuhi mtoto hajaamka vizuri nawe unakimbilia basi la kurudi. Kwa hiyo mwezi wa pili, gari lilipoanza kunguruma vizuri, nilimwambia Mbinya, "Jumamosi nitakupeleka." Alisimama mlangoni akiwa ameshika kikapu cha mboga, akanitazama, akalitazama gari, akasema, "Mungu akubariki." Alikuja kuniambia tukiwa wazee sote kwamba aliliogopa gari lile kuliko nyoka. Upepo ulimziba pumzi, na kila lori lilipotupita alidhani tumeingia chini yake. Mimi, nikimsikia akiimba nyimbo za kanisa njia nzima, nilidhani anafurahia mwendo.

Safari ya kwanza tulivuka Kwa Vonza tukishangiliwa na watoto, tukavuka daraja la Mto Athi, na tulipoanza kupanda upande wa Wamunyu gari likakohoa, likanyong'onyea, likazima. Nyuma ya viti kulikuwa na pampu ya petroli ya umeme, ambayo ikifanya kazi husikika ikigonga tik, tik, tik. Ilikuwa kimya. Nilifungua boneti, nikapuliza hapa, nikasugua pale, jua likitupiga kichwani. Baada ya muda mrefu nilijaribu tena, pampu ikagonga, gari likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Tulikwenda kidogo, likazima tena. Jioni ikatukuta hatujafika Masii, tukageuza, tukarudi Kitui. Mbinya alikuwa amemnunulia Ndanu gauni la njano. Alilikunja upya, akaliweka juu ya kabati.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyoanza, na hivyo ndivyo ulivyoendelea. Mjini gari lilikwenda kama saa. Nililipeleka sokoni, posta, kanisani, halikuzima hata mara moja. Tukielekea Makueni, lilizima mlimani baada ya Athi. Safari nyingine tulifika, saa za jioni, tumechoka, tumejaa vumbi mpaka kope. Nyingine hatukufika kabisa. Nilisafisha platini za pampu kwa msasa laini. Nilibadilisha mipira ya petroli. Mtu mmoja dukani kwa Bi Zuhura alisema ni joto, petroli inachemka kwenye bomba. Nikalifunga bomba lote kwa vitambaa vilivyoloweshwa, gari likaonekana limevunjika miguu. Likazima palepale. Nilijaza tangi mpaka shingoni ili takataka za chini zisivutwe, na ajabu ni kwamba kadiri nilivyolijaza ndivyo lilivyozima mapema zaidi. Hilo lilinikosesha usingizi kwa furaha. Sina neno bora. Nilikuwa na fumbo, na fumbo lilikuwa langu, na nilikuwa nikilizungumzia wakati wa kula mpaka chakula kikapoa.

Mwezi wa saba ukafika ujumbe kutoka Kathonzweni, umeletwa na mchungaji aliyekuwa akipita. Susu alisema anataka kuzungumza na Mbinya Jumamosi ile, mbele ya wazee wa ukoo. Binti yake mmoja, aliyeolewa Taveta na hakubahatika kupata mtoto, alikuwa tayari kumlea Ndanu na kumsomesha. Tulitoka alfajiri. Gari likazima Athi, likazima Wamunyu, likazima tena mbele ya Masii, na tulipofika wazee walikuwa wamekwisha kunywa chai yao na kwenda. Susu alikuwa ameketi juu ya kigoda akipepeta mbaazi. Alitukaribisha vizuri, akatupa maji, akamsalimia kila mmoja wetu kwa jina.

"Nimekuwa nikimwambia mtoto utakuja," alimwambia Mbinya kwa Kikamba, bila hasira. "Namwambia asubuhi, anakaa njiani anangoja. Jioni namtoa njiani. Mimi ni mzee. Sitaki kumdanganya mtoto tena. Shule zikifungwa mwezi wa nane, shangazi yake atakuja."

Ndanu alikuwa nyuma ya mlango. Alichungulia, akasema, "Mwalimu amekuja na ile gari," akarudi ndani.

Tuliporudi siku iliyofuata gari lilizima tena. Nilishuka, nikafungua boneti, na nadhani nilikuwa nikisema kwa sauti, "Sasa ngoja, leo limezima kabla ya kona, kwa nini kabla ya kona?" Mbinya hakushuka. Aliketi wima, mkoba mapajani.

"Wewe unapenda ikizima," alisema.

"Nini?"

"Unapenda. Nakuona. Unashuka ukicheka. Kwako ni mchezo wa kutafuta, na siwezi kukulaumu, ni gari yako. Lakini mimi nina mtoto kule. Muhula ujao nitapanda basi."

Nilifunga boneti taratibu, nikaketi kando yake, tukangoja mpaka pampu ikaamua yenyewe. Wiki ile sikuzungumzia gari wakati wa kula. Niliondoa kabureta mezani, na meza ikaonekana kubwa na ya huzuni.

Alasiri moja nilikuwa nikisahihisha mitihani. Mbinya alikuwa mlangoni akipika, akapiga msumari kwa jiwe kutoboa kopo jipya la mafuta ya kupikia. Akainamisha kopo juu ya sufuria. Mafuta yalitoka kidogo kama uzi, yakakatika. Akalitikisa. "Hii kitu imekataa," alisema.

"Umetoboa tundu moja," nikajibu bila kuinua kichwa. "Toboa lingine upande wa pili, hewa iingie. Hewa isipoingia mafuta hayatoki."

Alitoboa, mafuta yakamiminika, vitunguu vikaanza kulia kwenye sufuria. Nikaweka alama kwenye swali la tatu. Nikaanza kusoma la nne. Kisha kalamu ikasimama, nikasikia nilichokisema kana kwamba kimesemwa na mtu mwingine chumbani. Niliinuka, nikaangusha kiti, nikakimbia nje kulizunguka gari mpaka nyuma, mahali ambapo kila gari lilipozima sikuwa na sababu ya kupatazama, kwa kuwa tangi lilikuwa limejaa siku zote. Kifuniko cha tangi hakikuwa cha gari lile. Nikakumbuka yule mwalimu wa hisabati akiniambia kwa fahari kwamba kile cha kwanza kilimpotea kwenye mchanga wa Mto Tiva, naye akapata hiki cha trekta, kinachobana vizuri hata harufu haitoki. Nilikigeuza nikakitazama pande zote. Hakikuwa na tundu. Harufu haikutoka, na hewa haikuingia. Kila tone la petroli lililotumika liliacha utupu nyuma yake, mpaka pampu ikawa inavutana na tangi lenyewe, na safari fupi za mjini hazikutosha kuufikisha utupu huo mahali pa kuishinda pampu. Tangi likijaa, nafasi ya hewa ilikuwa ndogo, ndiyo maana lilizima mapema; tukingoja, hewa kidogo ilirudi polepole kupitia mabomba. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimewaonyesha wasichana wa kidato cha pili jinsi debe linavyojikunja likinyimwa hewa. Walipiga makofi.

"Nini tena?" Mbinya aliita.

"Vaa kitambaa kichwani," nikamwambia. "Tunakwenda Athi."

"Saa hii? Na chakula?"

Aliepua sufuria, kwa sababu sauti yangu ilimtisha. Tuliondoka jua likiwa bado juu ya vilima. Halijawahi gari kuendeshwa kwa hamu kubwa namna ile ya kuharibika. Tulivuka daraja, tukapanda, na lilipokohoa nilipiga kelele ya shangwe, kisha nikamtazama Mbinya nikanyamaza. Likazima. Sikugusa boneti. Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma, nikauweka juu ya kifuniko. "Fungua wewe."

Alikizungusha. Tangi likavuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetolewa majini, na nyuma ya viti pampu ikaanza: tik, tik, tik. Mbinya alirudisha mkono kifuani. Akanitazama. Akakifunga kile kifuniko, akakifungua tena, kusikiliza kama kitavuta mara ya pili.

"Ni hewa tu?" aliuliza.

"Ni hewa tu."

Aliketi chini palepale kando ya barabara, kwenye nyasi kavu, akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Kesho yake nilikitoboa kifuniko kwa keekee ya karakana ya shule, tundu dogo la kupitisha sindano. Jumamosi tulikuwa Kathonzweni kabla Susu hajamaliza kukamua ng'ombe.

Nisiseme kwamba mambo yalikwisha siku hiyo. Susu alitupokea kwa adabu ileile, akasema shangazi amekwisha kuandaa kitanda. Mbinya hakubishana. Alimvalisha Ndanu gauni la njano, ambalo sasa lilimbana, akamwosha miguu, akala naye sahani moja, na tulipoondoka alimwambia, "Jumamosi nitakuja." Jumamosi akaja. Na Jumamosi nyingine, na nyingine, hata shule zilipofungwa. Shangazi alifika kutoka Taveta na sanduku tupu la nguo za mtoto, akakaa siku chache, akaona mwenyewe mtoto anavyokimbilia njiani asubuhi. Kusema kweli alikuwa akilikimbilia gari. Alitaka kukalia usukani, kupiga honi, kujua maji yanaingia wapi na moto unatoka wapi. "Usijali," Mbinya aliniambia. "Aje kwa sababu ya gari. Mimi si niko ndani ya gari?" Shangazi alirudi kwao na sanduku lake, na nilimwona akilia alipokuwa akipanda basi. Nimemfikiria mara nyingi.

Mwezi wa kumi na moja Susu mwenyewe alikuja kusimama mbele ya boneti, mikono nyuma, akaniambia nifungue. Nilimwonyesha kila kitu, kwa Kikamba kilichokosa nusu ya maneno. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Na barabara ikiwa ya matope, bado linafika?"

"Likishindwa, Susu, Mbinya atatembea kwa miguu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Muhula ulipokwisha alikuwa amefunga nguo za Ndanu katika leso, pamoja na kuku mmoja wa kwenda kuanzia maisha. Alitaka aletewe mtoto kila shule zikifungwa, na aliletewa, miaka yote mpaka alipofariki. Gari langu halikudumu hivyo. Giaboksi lilikufa, sikupata la kufanana nalo, nikamwachia kijana wa Machakos aliyetaka injini. Nimewahi kuwa na magari mengine. Yote yalifika yalikokwenda, na hakuna hata moja ninaloweza kukueleza lilivyokuwa ndani.

Siku ile ya kwanza Ndanu alisafiri amelala mapajani mwa mama yake, kuku akiwa miguuni, akalala pia alipofika, akalala mpaka asubuhi. Nilikuwa sebuleni nikikoroga uji alipotokea, ameshika ukuta, akiangalia meza, madaftari, skrubu zangu ndani ya kikombe. Mbinya alikuwa nje akichota maji kwenye tangi. Mtoto alitazama mlango mmoja, akatazama mwingine.

"Mwaitu ako wapi?" aliuliza.

Nilidhani anamtafuta nyanya yake. "Mwaitu yupi?"

Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mjinga. "Huyo tumekuja na yeye."

"Yuko nje," nikasema. "Mwite mwenyewe."

Akaenda mpaka mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili, akaita. Maji yalikuwa yakimwagika ndani ya ndoo. Mbinya alikuwa amesimama karibu kabisa, ametupa mgongo, na hakuitika. Mtoto akavuta pumzi akaita tena kwa nguvu zaidi, "Mwaitu!" Hapo ndipo alipogeuka. Nilimuuliza baadaye, tukiosha vyombo, kama maji ndiyo yaliyomzuia kusikia.

"Nilisikia vizuri sana," alisema. "Nilitaka aniite mara ya pili."